Jigi ya Taratibu kwa Striped Bass: Mwongozo Kamili kwa Wavuvi wa Ghuba ya Chesapeake

Kila vuli malalamiko ni yaleyale. Kitafuta-samaki kinaonyesha kundi limelala futi 30 chini ya boti, jigi mpya inayong'aa (chambo bandia cha chuma) inashushwa, mkono unanyanyua na kushusha saa nzima, na hakuna anayegusa. Boti ya jirani, yenye vifaa vya kawaida, inapandisha wawili. Mwenye jigi mpya anarudi nyumbani akiilaumu dukani ilikotoka.

Jigi haina kosa. Mtindo wa taratibu, ambao asili yake ni Japani, hautumiki kama ule wa kunyanyua kwa nguvu. Kwenye mtindo wa nguvu samaki hufukuza chuma kinachopanda. Kwenye mtindo wa taratibu hukila kinaposhuka. Kunyanyua ni maandalizi tu. Ukilishika hilo, kila hatua iliyo hapa chini itajieleza yenyewe: kazi yako ni kuifanya jigi ianguke vizuri, na kujua wakati wote inaangukaje.

Kwanza jina. Katika karatasi za sheria samaki huyu anaandikwa striped bass. Watu wa Maryland na Virginia, majimbo ya Marekani yanayoizunguka Ghuba ya Chesapeake, humwita rockfish, na ukipanda kaskazini kuanzia New Jersey utasikia striper. Ni huyohuyo mwenye mistari myeusi saba au minane ubavuni. Hapa tutamwita besi-milia.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kutoka

Fimbo. Urefu wa futi 6 na inchi 3 hadi futi 6 na inchi 8, iliyoandikwa kubeba jigi za gramu 40 hadi 120. Ipinde mkononi dukani: inapaswa kukunjika polepole kuanzia ncha hadi karibu na kishikio, kisha irudi yenyewe. Kurudi huko ndiko kunakorusha jigi. Fimbo ngumu ya kuburuta chambo nyuma ya boti haina mrejeo huo, na ndiyo sababu ya kwanza ya watu kushindwa.

Rili (kikunjio cha mshipi) ya ngoma. Ile ambayo ngoma yake inalala juu ya fimbo na kidole gumba kinaifikia. Uvutaji wa inchi 25 hadi 30 kwa mzunguko mmoja unatosha. Rili ya kuning'inia chini ya fimbo inaweza kufanya kazi, ila inakunyima hisia ya gumba wakati wa kushusha, na wakati huo una samaki wengi kuliko wanaoanza wanavyodhani.

Mshipi. Wa kusukwa kwa nyuzi 8, wa pauni 20, yadi 200. Nunua unaobadilika rangi kila mita 10, kwa sababu rangi hizo ndizo rula yako. Usiweke mnene zaidi kwa hofu ya kukatikiwa: mshipi mnene unasukumwa na mkondo, unafanya tumbo katikati ya maji, na hapo huisikii jigi tena.

Lida. Kipande cha mbele cha fluorokaboni (uzi mmoja wa plastiki), pauni 30, urefu wa futi 5.

Jigi. Mbili za gramu 40, mbili za gramu 60, mbili za gramu 80 na moja ya gramu 100. Duka la Marekani likikuuzia kwa aunsi, aunsi 1 ni gramu 28. Chagua umbo lenye uzito katikati na upande mmoja bapa, ambalo hulala ubavu na kupepea. Jigi nyembamba yenye uzito mkiani hushuka kama msumari. Ina kazi yake, lakini si hii. Rangi: fedha maji yakiwa safi, nyeupe au kijani-njano yakiwa na tope, na Chesapeake tope halikosekani.

Ndoana za kamba. Ndoana moja moja za 2/0 zilizofungwa kwenye kamba fupi ngumu, za kuning'inia kwenye kichwa cha jigi. Upana wa mdomo wa ndoana uzidi unene wa jigi, la sivyo ndoana itaing'ang'ania jigi yenyewe badala ya taya. Bana kijino kilicho karibu na ncha kwa koleo hadi kilale kabisa.

Pete. Pete nzima isiyo na mwanya, na pete ya kupasuka ya kuunganisha jigi. Usisahau koleo la kufungulia pete.

Mengineyo. Wavu wa mkono wenye nyuzi za mpira, ubao wa kupimia, mizani ndogo ya kuning'iniza, mkasi unaokata mshipi wa kusukwa, na jaketi okozi la kila aliye botini. Livae, usilikalie. Maji ya Novemba yanamaliza nguvu za mikono kabla hujakumbuka lilipo.

## Sheria, kwa ufupi

Wavuvi wengi hupata faini kwa kutojua mambo matatu. Ndani ya Ghuba ya Chesapeake unaruhusiwa kubaki na mmoja kwa siku, mwenye inchi 19 hadi 24. Upande wa bahari, kipimo kilichowekwa tangu 2023 ni inchi 28 hadi zisizofika 31, na pia ni mmoja. Samaki mkubwa kupita hapo anarudi majini; wengi wao ni majike wa kuzaa.

La pili: kupita maili 3 za baharini kutoka pwani ni maji ya serikali kuu ya Marekani, na huko ni marufuku kumvua besi-milia, hata kama nia yako ni kumwachia. La tatu: kumchoma kwa kulabu ili kumpandisha ni marufuku.

Leseni hutolewa na jimbo; Maryland inaidai kuanzia miaka 16. Tarehe za kufungwa na kufunguliwa hazilingani kati ya Maryland, Virginia na mto Potomac, na hubadilishwa. Fungua ukurasa wa idara ya maliasili ya jimbo husika asubuhi ileile unayotoka.

## Hatua ya 1: Funga kila kitu nyumbani

Usifunge mafundo kwenye boti inayoyumba na vidole vilivyoganda.

Unganisha mshipi na lida kwa fundo la kusokota: nyoosha lida, kisha uzungushe mshipi wa kusukwa juu yake ukibadilisha upande kila mara, mizunguko 20 kwa jumla. Piga vifundo viwili vya kufungia. Lowesha kwa mate, viringisha mshipi kwenye kipande cha mti usije ukakukata kiganja, uvute kwa nguvu zote. Kata kichwa cha lida, kisha ongeza vifundo vitatu.

Fundo limefaulu pale mshipi unapobadilika rangi kuwa mweusi zaidi na kuuma lida bila kuteleza. Likiteleza hata milimita moja, kata uanze upya. Ambaye hili linamshinda atumie fundo la mizunguko pande mbili: mizunguko 8 upande wa mshipi wa kusukwa, 5 upande wa lida. Ni nene kidogo, lakini hushika.

Mwisho wa lida ufunge kwenye pete nzima. Kamba ya ndoana nayo iingie kwenye pete nzima hiyo. Pete ya kupasuka iunganishe pete nzima na jigi. Mpangilio huu una sababu: uzito wa samaki unapita kutoka ndoana hadi lida moja kwa moja, jigi ikining'inia pembeni bila kumpa nafasi ya kuitumia kama nyundo ya kung'olea ndoana.

Pima ndoana kwa jicho: inapolala kwenye jigi, isivuke katikati ya mwili wake. Ikiwa ndefu zaidi itajisokota na mkia au na lida.

Malizia na breki ya rili. Funga mshipi kwenye mizani, vuta, kaza hadi ngoma ianze kutoa mshipi mizani ikionyesha pauni 5. Hiyo ni robo ya nguvu ya mshipi. Watu hukaza kwa kukisia, na kukisia huwa mara mbili ya inavyotakiwa.

## Hatua ya 2: Itazame jigi ikianguka

Karibu kila mtu huiruka hatua hii, nayo haichukui zaidi ya dakika kumi. Nenda gatini penye maji yanayoonekana ndani, futi 5 au 6. Shusha jigi, inyanyue kwa robo mzunguko wa rili, uitazame.

Ukiuacha mshipi ulegee kidogo, jigi itageuka, italala ubavu na kupepea kama jani la mwembe linaloanguka siku isiyo na upepo. Ukiushika mshipi ukiwa umekaza, kichwa kitabaki juu na jigi itashuka wima, imekufa. Jaribu vyote viwili mara ishirini hadi mkono utofautishe bila jicho. Chini ya futi 30 za maji ya tope hutakuwa na jicho.

## Hatua ya 3: Chagua saa kwa mkondo

Hapa kuna mtego. Wengi husoma jedwali la maji kujaa na kupwa, wakadhani maji yakifika juu kabisa ndipo mkondo husimama. Kwenye Chesapeake saa hizo mbili mara nyingi hazilingani, maana maji yanasafiri ghuba ndefu. Soma jedwali la mikondo la NOAA (idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa) la mahali penyewe, linaloonyesha saa ya mkondo kusimama na kasi yake kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa.

Unataka mkondo wa nusu noti hadi noti moja na nusu. Maji yaliyosimama kabisa hayawakusanyi samaki, hutawanyika. Maji yanayokimbia kupita noti 2 yanaibeba jigi kabla haijapepea. Kwa hiyo dirisha zuri ni saa moja na nusu ya kwanza baada ya mkondo kugeuka, na saa ya mwisho kabla haujasimama.

Siku za bamvua dirisha hilo hufupika sana. Siku za maji mafu unaweza kuvua karibu zamu nzima, kwa hiyo anayejifunza na achague maji mafu.

## Hatua ya 4: Tafuta samaki kwanza

Kuvua mahali pazuri pasipo na samaki kwenye skrini ni kufanya mazoezi ya bega. Zunguka na kitafuta-samaki kwa mwendo wa taratibu kwenye kingo ambapo kina kinashuka ghafla kutoka futi 18 hadi 35, kwenye vilima vya chaza, na kandokando ya nguzo za daraja la Bay Bridge kati ya Sandy Point na Kent Island. Upande wa kusini, nguzo na visiwa vya mawe vya Chesapeake Bay Bridge-Tunnel, daraja lenye handaki, ni shule nzima ya kujifunzia.

Besi-milia wa vuli wanaokula huonekana kama alama nene zilizopinda, zikipanda kutoka chini kuelekea wingu la dagaa. Dagaa wa huko ni ndugu wa dagaa mcheli wetu, pamoja na samaki aitwaye menhaden, mwenye mafuta. Alama zilizolala bapa kabisa chini, bila wingu juu yake, mara nyingi ni samaki waliotulia. Bado wanavulika, ila kwa mkono mpole zaidi.

Tazama na angani. Shakwe wanaopiga mbizi wanaonyesha samaki wadogo juu. Wakubwa mara nyingi wamekaa chini yao wakiokota masalio. Usiendeshe boti katikati ya kundi la ndege. Simama kando, upande unaotoka upepo, uache boti iteremke yenyewe.

Kiangazi mambo ni tofauti. Maji ya kina ya ghuba hukosa oksijeni kuanzia Juni hivi, na samaki hukaa juu ya tabaka hilo. Kushusha jigi hadi futi 50 mwezi Julai ni kuivua sehemu isiyo na uhai.

## Hatua ya 5: Panga mteremko wa boti

Usitupe nanga. Zima injini, acha boti iteremke kwa dakika moja, usome kasi kwenye skrini. Chini ya noti 1 ni nzuri. Kati ya noti 1 na 1.5, ongeza uzito wa jigi. Ikizidi, shusha nanga ya kitambaa ya kupunguza mwendo.

Vua upande unaotoka upepo. Boti inasukumwa mbali na jigi, na mshipi unakuwa huru. Ukivua upande wa pili, boti itapita juu ya mshipi wako na utaukwangua chini ya boti hadi ukatike.

Pembe ya mshipi ndiyo itakayokuambia uzito gani utumie. Anza na gramu moja kwa kila futi ya kina, kwa hiyo kina cha futi 40 ni gramu 40. Ikiwa baada ya kugusa chini mshipi umelala kupita nyuzi 30 kutoka wima, panda hadi gramu 60, kisha 80. Jigi nyepesi kuliko zote inayoweza kukaa karibu na wima ndiyo sahihi, kwa sababu hupepea kwa muda mrefu zaidi.

Onyo kwa wavuao nguzoni: usizime injini ukiwa upande ambao mkondo unatokea. Utasukumwa kwenye zege kabla hujamaliza kuwasha. Anza upande wa chini ya mkondo, penye maji ya kuzunguka nyuma ya nguzo, na mwache mtu mmoja kwenye usukani. Zege lina magamba makali. Mshipi ukiligusa umekwisha.

## Hatua ya 6: Shusha kwa gumba

Fungua ngoma, gumba likiigusa kwa wepesi kiasi cha kuzuia isizunguke kupita kiasi. Hesabu moja, mbili, tatu, hadi chini, na ukumbuke hesabu hiyo.

Mara ya pili, hesabu ikisimama mapema usidhani umefika chini. Hapo katikati hakuna chini, ni samaki. Funga ngoma, zungusha haraka.

Jigi ikigusa chini mshipi hulegea ghafla. Funga ngoma papo hapo na uvute mzunguko mmoja. Kuiacha ikae sekunde mbili kwenye kilima cha chaza ni kuiaga.

Aliyekulia pwani akivua kwa mshipi wa mkono ana faida kubwa hapa: kidole chake tayari kinajua tofauti ya chubwi kutua kwenye mchanga, kwenye mwamba, na kwenye mdomo wa kitu. Vifaa vingine vyote atavizoea.

## Hatua ya 7: Mkono wenyewe

Shika fimbo ikiwa mlalo, ncha ikielekea chini kidogo. Kishikio kiwe kwapani au kwenye kiwiko, mkono ulegee.

Fikiria mpini wa rili ni mshale wa saa ya ukutani. Anzia 12, uushushe kwa mkato hadi 3, usimame. Hiyo ni robo mzunguko. Usinyanyue fimbo kwa bega. Robo mzunguko inaivuta ncha ya fimbo ikapinda, fimbo inarudi yenyewe na kuirusha jigi juu, mshipi unalegea, jigi inageuka ubavu na kuanza kupepea.

Sasa subiri. Sekunde moja, au mbili. Tazama mshipi pale unapoingia majini: kwanza unakuwa na mkunjo mdogo, kisha unanyooka taratibu. Ukinyooka na ncha ya fimbo ikainama kidogo, jigi imemaliza kuanguka. Ndipo upige robo nyingine.

Ncha ya fimbo inayoitikia kila mara, kama mtu anayekubali mazungumzo, ndiyo alama ya kufaulu. Ukipiga robo ya pili kabla ya kuitikia huko umeikatiza jigi katikati ya kupepea, na samaki aliyekuwa anakaribia amebaki na mdomo wazi. Hili ndilo kosa namba moja, na wanaolifanya hawajijui, kwa sababu mkono unajisikia unafanya kazi.

Kwa rili inayovuta inchi 28, robo mzunguko mmoja unapandisha inchi 7. Robo 16 zitakupandisha futi 9 na zaidi kidogo. Fika hapo, fungua ngoma, shusha tena hadi chini, anza upya. Ikiwa alama za samaki ziko futi 20 na chini ni futi 35, pandisha hadi rangi ya mshipi ikuambie umewafikia, uendelee hadi futi chache juu yao. Besi-milia hupanda kufuata chakula; ni nadra ageuke kukitafuta chini ya tumbo lake.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Maji yakiwa chini ya nyuzi 50 za Fahrenheit, punguza hadi nusu ya robo na usubiri sekunde tatu. Samaki wakiwa na hasira juu ya wingu la dagaa, jaribu nusu mzunguko. Ukipata mmoja, rudia hesabu ileile hasa, kwa kina kilekile.

## Hatua ya 8: Mtambue anapogusa

Usingoje mvuto mkubwa. Samaki anayechukua jigi inayoanguka hakuvuti, anakuja nayo. Utaona mojawapo ya haya: mshipi unasimama kunyooka kabla ya wakati wake, mshipi unabaki umelegea ulipotakiwa kunyooka, au kigongo kidogo kinapanda kwenye mshipi hadi kidoleni.

Jibu ni moja kwa vyote. Elekeza ncha ya fimbo chini na zungusha rili kwa kasi, mizunguko mitatu au minne, hadi usikie uzito. Kisha nyanyua kwa upole. Usitwange fimbo juu kama kwenye sinema. Mshipi uliolegea utakula nguvu zote hizo, ndoana isisogee hata kidogo.

## Hatua ya 9: Mpandishe kwa rili

Fimbo hizi nyembamba hazikutengenezwa kupigana na samaki zikiwa zimesimama wima. Zimetengenezwa kurusha jigi. Ziache chini ya nyuzi 45, uache breki na rili vifanye kazi. Fimbo nyingi zinazovunjika huvunjika mita ya mwisho, samaki akiwa ubavuni mwa boti na mvuvi amenyanyua ncha juu ya kichwa chake.

Besi-milia atakimbia chini mara mbili au tatu. Mwache, pauni 5 za breki zinamchosha. Akija juu, ingiza wavu majini kwanza, umwongoze aingie kwa kichwa.

Pima kutoka mdomo uliofungwa hadi ncha ya mkia uliobanwa. Unayebaki naye, mkate matamvua papo hapo atoke damu na umzamishe kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya chumvi. Barafu tupu bila maji humpoza upande mmoja.

## Hatua ya 10: Mwachie akiwa hai

Katika hesabu za hifadhi ya samaki hawa, 9 kati ya kila 100 wanaoachiwa huhesabiwa kuwa wamekufa. Joto, na maji yenye chumvi kidogo, huongeza vifo. Kwa kuwa nafasi ya kubaki na samaki ni ndogo, wengi utakaowapata utawaachia, kwa hiyo hatua hii si ya hiari.

Lowesha mikono. Mfungue ndoana akiwa bado ndani ya wavu majini ikiwezekana. Ukitaka picha, mtayarishe mpigaji kwanza. Nje ya maji asizidi sekunde kumi. Usimning'inize kwa taya, mshike na chini ya tumbo. Mrudishe akielekea mkondo, mshikilie hadi auondoe mkia wake mwenyewe mkononi mwako.

Idara ya maliasili ya Maryland hutoa kiangazi utabiri wa rangi: kijani, njano na nyekundu. Nyekundu ni joto la hewa la nyuzi 95 za Fahrenheit au zaidi, na wavuvi huombwa wasimtafute besi-milia baada ya saa nne asubuhi. Siku hiyo vua samaki wengine.

## Mambo yanayoharibika, na kwa nini

Ndoana inanasa lida kila mara. Unashusha kwa kasi huku mshipi umelegea kabisa, au kamba ya ndoana ni ndefu. Tia gumba zaidi kwenye ngoma. Ukiendelea kunasa, fupisha kamba kabla ya kubadilisha kingine chochote.

Wanaonekana kwenye skrini, hawagusi. Pitia mpangilio huu: kwanza ongeza muda wa kusubiri, pili vua futi 5 juu zaidi, tatu shuka gramu 20 kwa uzito. Rangi iwe ya mwisho. Watu huanza na rangi kwa sababu ni rahisi kununua. Kama dagaa wao ni wadogo wa inchi 2 na jigi yako ni ya inchi 5, hapo umbo lina hoja. Tumia ya gramu 40 iliyo fupi na nene.

Wanagusa, hawanasi. Angalia ncha ya ndoana kwenye ukucha: isipokwama, imekufa butu kwa chaza. Ikiwa kali, basi unatwanga badala ya kuzungusha. Waweza pia kuongeza ndoana ya pili kwenye kamba ileile, lakini isiwe ya meno matatu; hizo hujeruhi samaki unayetakiwa kumwachia.

Lida inakatwa safi kama kwa wembe. Huyo ni bluefish, mwenye meno, anayezunguka na makundi hayohayo. Kuweka waya kunaua mpepeo wa jigi. Panda hadi fluorokaboni ya pauni 50, ukubali kupoteza moja mbili, au hama mita mia chache.

Bega linauma baada ya nusu saa. Unanyanyua kwa fimbo. Rudi hatua ya 7.

## Lini uiweke jigi hii pembeni

Upepo ukipita noti 15 boti haitulii na huwezi kuusoma mshipi. Samaki wakiwa juu kabisa, kwenye futi 8 au 10 za maji wakirusha maji na dagaa, jigi hii haina nafasi ya kupepea. Funga kichwa cha risasi chenye samaki wa mpira na uitupe pembeni mwa kundi. Na mkondo ukishavuka noti 2 chini ya daraja, gramu 100 hazitoshi na gramu 150 zitaipita fimbo uliyonunua. Kunja vifaa, kula chapati, ungoja maji yapunguze mbio.